Majani au mashudu? Kamuulize ng'ombe wa Igalula mwezi wa kumi

Huko Marekani na Ulaya kuna nyama ya ng'ombe inauzwa ghali kuliko nyingine kwa sababu moja tu: pakiti imeandikwa kwamba marehemu alikula majani maisha yake yote. Si utani. Watu wenye pesa zao wanaingia dukani, wanasoma karatasi, wanaiacha nyama laini ya ng'ombe wa mahindi, wanabeba ya ng'ombe wa majani na kulipa zaidi, kisha wanaondoka roho nyeupe. Wanaamini yule wa majani aliishi kwa raha zake na yule wa mahindi aliteswa.

Kama mambo yangekuwa mepesi kiasi hicho, pale Igalula kila mwenye zizi angekuwa anabadilisha magari kama mashati. Maana ng'ombe wa Igalula mahindi hayajui, labda siku akiponyoka akaingia shamba la mtu, na siku hiyo kijijini hapakaliki. Ni majani tangu anaachishwa ziwa hadi anapandishwa lori.

Kwa wasiopajua, Igalula ipo Wilaya ya Uyui, Mkoa wa Tabora. Ni kituo cha treni kwenye Reli ya Kati. Ukitokea Dar es Salaam unakipita ukiwa umebakiza kidogo kuingia Tabora mjini. Ni nchi ya Wanyamwezi, jirani na ile Unyanyembe ya zamani walikokuwa wakipumzika wapagazi wa misafara kati ya Ujiji na Bagamoyo. Miti ya miombo, tumbaku, asali, na ng'ombe. Ng'ombe kweli kweli, wa wenyeji na wa Wasukuma walioshuka na mifugo yao kutoka Shinyanga wakifuata malisho.

Sasa swali linalopigwa sana vijiweni ni hili: kati ya ng'ombe wa majani na yule anayefungiwa na kulishwa nafaka, yupi ana nafuu? Msimamo wangu nautoa mapema tusije tukazungushana. Swali hilo limekaa vibaya. Ukitaka kujua ng'ombe anateseka au hateseki, kabla hujauliza anakula nini, uliza kwanza ni mwezi gani.

WAZUNGU WANAGOMBANIA NINI?

Tuwape haki yao kwanza. Mwaka 1964 mama mmoja wa Kiingereza, Ruth Harrison, alitoa kitabu kinachoitwa Animal Machines, akieleza jinsi wanyama wa kufugwa walivyogeuzwa kuwa vyuma vya kiwandani. Waingereza walipagawa. Serikali yao ikaunda kamati chini ya Profesa Brambell, ikatoa ripoti mwaka 1965, na kutokana na ripoti hiyo ukaja kutengenezwa ule uhuru wa aina tano ambao wataalamu wa mifugo dunia nzima wanauimba: mnyama asiwe na njaa wala kiu, asikae mahali pa karaha, asiwe na maumivu, majeraha wala maradhi, aweze kuishi kwa tabia yake ya asili, na asiishi kwa hofu.

Na usidhani ni mambo ya kwao peke yao. Sisi tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama, namba 19 ya mwaka 2008. Ipo kitabuni, inasubiri kusomwa.

Marekani ndiko kwenye ugomvi mkubwa. Ndama wa kule hazaliwi na mahindi mdomoni. Anaanza kama wa kwetu, ananyonya na kula majani akiwa na mama yake. Kizungumkuti ni miezi minne hadi sita ya mwisho. Anapelekwa kwenye zizi kubwa, mengine yana ng'ombe makumi ya maelfu, anasimama juu ya udongo na mavi ya wenzake, chakula kinaletwa na gari, na jua likiwaka mti hauoni. Hatembei kwenda popote. Kazi yake ni moja: kula, anenepe, achinjwe akiwa bado kijana.

Tatizo lenyewe hasa liko tumboni. Tumbo la ng'ombe lina vyumba vinne, na kile kikubwa kabisa ni kama pipa la pombe linalochachuka mchana na usiku. Humo mna vijidudu visivyohesabika, na hivyo ndivyo vinavyokula majani. Ng'ombe anakula kazi ya vijidudu. Majani yanachacha polepole, ng'ombe anacheua, mate yanashuka, pipa linatulia. Sasa mwage humo nafaka nyingi kwa ghafla. Pipa linafoka. Tindikali inapanda, ng'ombe anaacha kula, anaharisha, kwato zinamuuma kama aliyekanyaga makaa, ini linaota majipu. Likizidi anakufa. Wamarekani wanalijua hilo, ndiyo maana wengine huchanganya dawa za kuua vijidudu kwenye chakula ili maini yasiharibike. Kwa hiyo mwenye kulipia pakiti ya majani hajapigwa kabisa. Ana hoja.

Lakini hoja yake imekulia nchi ambazo majani yakiisha shambani, stoo kuna mengine yaliyokatwa na kukaushwa. Twende Igalula.

KALENDA YA ZIZI

Ukifika Igalula mwezi wa pili au wa tatu utasema Wazungu wamesema kweli. Mvua zilianza Novemba, nchi ni kijani mpaka macho yanauma. Ng'ombe wanang'aa. Fahali wanapimana ubavu, majike wanalamba ndama, kundi linatawanyika kila mmoja akichagua jani analolitaka kama mtu yupo hotelini. Maji yapo kila bonde. Huyo ni ng'ombe mwenye uhuru wake, na hakuna zizi la mahindi duniani litakalompa maisha hayo. Mpiga picha wa pakiti angekuja mwezi huo, angepiga, angeondoka.

Asingerudi mwezi wa nane. Mvua zilikata Aprili au Mei, majani yamegeuka rangi ya gunia, na kwingine moto umepita umeacha jivu. Hapa kuna jambo ambalo watu wa mjini hatulijui: ng'ombe anaweza kujaza tumbo na bado akawa na njaa. Nyasi ikishakauka, kilichobaki ni mti mtupu usio na protini ya maana. Vile vijidudu vya kwenye pipa vinakosa chakula, vinapungua, na vikipungua hata ile nyasi kavu inayoliwa inakaa tumboni bila kusagika. Mnyama anakula na anakonda. Kilo alizopata kwa mvua anazirudisha moja moja.

Oktoba sasa. Malambo yamekauka, au yamebaki tope. Maji yako mbali, ng'ombe anatembea asubuhi hadi jua la utosi, na kile kidogo alichokula kinaishia miguuni. Kuna siku anakunywa na kuna siku hanywi. Mbavu unazihesabu ukiwa umesimama barabarani. Jike lenye mimba linalala jioni na asubuhi haliinuki. Wanaume wanakusanyika, wanapitisha mti chini ya tumbo, mwingine anashika mkia, wanamnyanyua. Kesho yake tena. Wakimfuata kule porini kwenye nafuu ya majani, mbung'o wanamsubiri na nagana yao, na kupe nao wana ndigana kali yao, hasa kama josho la kijiji limekaa halina dawa. Na kinyume cha unavyodhani, wengi waliodhoofika huanguka mvua za kwanza zinapowanyeshea, wakati kila mtu ameshapumua akidhani balaa limepita.

Na nyuma ya kundi hilo yupo mchungaji, mara nyingi kijana mdogo tu, ambaye naye toka asubuhi hajatia kitu mdomoni. Ustawi wa huyo hauna pakiti.

Haya, tupige hesabu ya uhuru wa aina tano. Tabia ya asili anayo mwaka mzima. Njaa, kiu na maradhi, kwa miezi minne au mitano, vimemkalia kooni. Yule wa Marekani kinyume chake: shibe anayo, maisha hana.

Mimi ningekuwa ng'ombe, Februari nisingetoka Igalula kwa mahindi yoyote ya dunia hii. Oktoba ningeomba wanifungie.

MASHUDU YA KWETU

Na kweli wapo wanaofungiwa. Unenepeshaji wa ng'ombe upo Tanzania, hasa Kanda ya Ziwa, Mwanza na Shinyanga, ila si wa mahindi. Nani amlishe ng'ombe ugali wake? Wa kwetu analishwa masalia: mashudu ya pamba kutoka viwandani, pumba za mpunga, pumba za mahindi, na molasesi pale inapopatikana. Mfanyabiashara ananunua madume yaliyokonda mnadani, anayaweka zizini kwa muda wa miezi mitatu hivi, kisha anayauza yakiwa yamejaa. Ng'ombe wetu wa asili, ambao wengi ni wadogo tu wenye nundu, wakilishwa hivyo wanaongeza nusu kilo kwa siku na zaidi, wakati wenzao porini wanapoteza.

Mtu anayesema huo ni ukatili wa Kimarekani ulioletwa Bongo, mimi namwambia taratibu. Dume lililokuwa linakwenda kufa njaa Oktoba limepata kula, kunywa na kulala kwa miezi mitatu. Hapo pana huruma, hata kama mwenye zizi anachokitafuta ni mkwanja.

Ila kuna zizi na zizi. Ukiona ng'ombe wamesimama kwenye tope hadi magotini, hakuna hata kibanda cha kivuli, wamebanana mpaka mnyonge hafiki kwenye hori, hapo hakuna ustawi, hapo kuna stoo ya nyama inayopumua. Kuna wenye haraka wanaomwaga mashudu na pumba siku ya kwanza bila kumzoesha mnyama, na pipa linafoka kama nilivyoeleza. Inatakiwa azoeshwe polepole, wiki mbili au tatu, na majani makavu yasikosekane ili aendelee kucheua. Kuna jingine ambalo halionekani haraka: ng'ombe akikaa muda mrefu kwenye chakula kikavu bila jani bichi hata moja, anaishiwa vitamini A, na macho yanapofuka. Dume limenenepa, linapendeza kwa mbali, lakini linapapasa ukuta.

Halafu zizi la kunenepesha linachukua madume ya kuchinja tu. Jike la mimba halichukui, ndama halichukui, maksai wa kulimia halichukui. Hao ndio wengi, na hao ndio wanaobaki Igalula kuusubiri mwezi wa kumi. Kwa hao ubishi wa majani na nafaka hauna maana yoyote. Kwao dawa ni majani, ila majani yaliyowekwa akiba.

NGITILI, BENKI YA MAJANI

Hapa ndipo wazee wametupiga bao. Wasukuma na Wanyamwezi tangu zamani wana kitu kinaitwa ngitili. Unachagua kipande cha malisho, unakifunga mvua zinaponyesha, hakuna ng'ombe kukanyaga, majani yanakua na kusimama. Kiangazi kikikaza unafungua, kidogo kidogo, na wa kwanza kuingia ni ndama, wagonjwa, majike yanayonyonyesha na maksai wa kulimia. Hakuna profesa aliyewafundisha hilo.

Shinyanga walikaribia kuipoteza. Wakati wa Mwingereza misitu ilifyekwa kwa makusudi ili kuua mbung'o, pamba ikafuata, watu na mifugo wakaongezeka, na miaka ya 1970 vijiji vya ujamaa vikahamisha watu kutoka kwenye maeneo yao. Mwenye ngitili akajikuta anaishi mbali na ngitili yake, na kitu cha mtu asiyekuwepo unakijua kinavyoliwa. Mkoa ukawa mweupe, watu wakauita jangwa. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na busara ya wale jamaa ni kwamba baada ya kuhubiri miti ya kigeni waliwarudia wazee na kuuliza kuhusu ngitili. Majani yakarudi, miti ikarudi, asali na dawa za kienyeji zikarudi. Mwaka 2002 kazi hiyo ikapata tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Kwa nyasi, jamani.

Basi kwa nini kila mfugaji wa Tabora asifunge ngitili yake? Msikimbilie kusema uvivu. Ngitili ni kama kuweka pesa benki, na hakuna anayeweka pesa kwenye benki asiyojua kama Agosti ataikuta wazi. Wengi walioshuka na ng'ombe hawana ardhi yenye jina lao. Leo yupo hapa, kesho anaambiwa hili ni shamba la tumbaku, keshokutwa anaambiwa ni hifadhi ya msitu. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Ihefu, kule Usangu, na maelfu ya ng'ombe wakapelekwa kusini hadi Lindi. Wengi walikufa njiani na walikofikia. Sisemi bonde lile halikuhitaji kupona. Ninachosema ni kwamba mtu aliyeona hayo, au aliyesimuliwa na shemeji yake, ukimwambia afunge majani leo aje kula miezi sita ijayo, atakutazama tu. Atalisha sasa hivi, yote, kabla hajaja mwingine. Ndipo njaa ya Oktoba inapotengenezwa, mwezi wa tatu, wakati kila kitu bado kijani.

Lipo na suala la kuuza. Juni ng'ombe amejaa, bei nzuri, mwenye zizi hauzi. Oktoba ng'ombe mifupa, chakula cha nyumbani kimepungua, anamswaga kwenda mnadani na anapewa hela ya kumpoza. Watu wa mjini tunacheka. Lakini ng'ombe kwake ni benki, ni mahari, ni matibabu ya mama, na hakuna anayetoa pesa benki kwa sababu eti noti zimenenepa. Hata hivyo nisipepese macho: ng'ombe wawili waliouzwa Juni wangewaachia majani wale wanane waliobaki, na wangeondoka hapa duniani bila kuiona Oktoba. Mzee yeyote wa kule anaijua hesabu hiyo. Kinachomkaba ni ile hofu kwamba kundi likipungua, ugonjwa ukipita atabaki na kamba mkononi.

Kabla sijasahau, wanaolalamika nyama ngumu. Majani mmeyaonea. Ng'ombe wa Marekani anachinjwa akiwa na mwaka mmoja na nusu, miwili hivi. Wa kwetu wengi wana miaka mitano na zaidi, wengine wameshalima mashamba ya watu, wamekonda na kunenepa mara nne tano. Ukiongeza na safari ya mwisho, hizo nguvu za taya utazihitaji tu.

SAFARI YA MWISHO

Richard Burton na mwenzake Speke walitoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, wakaingia Kaze, yaani Tabora, Novemba 7. Miezi minne na zaidi kwa miguu na punda. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 safari ikawa kitu kingine kabisa. Leo ng'ombe wa Igalula anafuata njia hiyo hiyo kinyumenyume, Tabora mnada wa Ipuli, Dodoma, Morogoro, hadi Pugu, zaidi ya kilomita 800, na sehemu kubwa wanakwenda kwa lori.

Ndani ya lori majani na mashudu vimekwisha. Wote wamesimama, wamebanwa, pembe ya huyu kwenye jicho la yule. Kula hakuna, na maji ni bahati. Lori likifunga breki wanagongana, mmoja anateleza kwenye mavi, na akilala chini wenzake wanamkanyaga kwa sababu hawana pa kuweka miguu. Hapo yule kijana anayesafiri nao, amekaa juu ya vyuma na fimbo yake, anashuka kumwinua. Mbinu anayoijua ni mkia: anaukunja mpaka unalia. Usimchukie sana. Mwenye mzigo amemwambia akifa hata mmoja atamkata mshahara, na gari likiharibika porini anakaa nao juani siku nzima hana hata ndoo.

Mnyama aliyepita mateso hayo anaumaliza ule wanga wote uliokuwa kwenye misuli, na akichinjwa hivyo hivyo nyama inakuwa nyeusi, ngumu, haikai vizuri. Majeraha yanakatwa na kutupwa. Zile kilo alizopewa zizini kwa miezi mitatu ya mashudu, nyingine zinamwagika barabarani kati ya Singida na Chalinze. Dawa haihitaji Mzungu: kuchinja karibu na anakofugwa na kusafirisha nyama kwa gari la baridi, au basi kumshusha njiani apumzike na anywe. Machinjio yenye baridi yanahitaji umeme na mtaji. Kumnywesha kunahitaji saa chache, na kwa mwenye lori saa chache ni hela.

Pugu wanafika alfajiri. Wengine wanashuka wenyewe, wengine wanasukumwa, na wapo wanaovutwa. Vumbi likitulia anakuja dalali, anamtazama mgongo, anamshika nyonga, anataja bei. Alikula nini huko alikotoka, hakuna anayeuliza.